Miko ya Kisiwa cha Miyajima

Ami yangu ni fundi wa vyombo kule Matondoni, na katika watu wote wa Lamu niliowaonyesha picha zangu za Japani, yeye peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. Aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kwa urefu wa mkono kama wafanyavyo wazee wasiotaka miwani, akalitazama lango jekundu lililosimama peke yake baharini, kisha akasema: “Zisimeme ndani ya mai miaka mingapi, nguzo hizi, na wadudu hawajazila?” Wengine walikuwa wameniuliza kama niliwaona samurai, kama kweli samaki huliwa mbichi, na chakula cha halali nilikipata wapi. Ami aliuliza juu ya mbao. Nimeyaandika haya kwa sababu ya swali lake, ingawa jibu lilinipeleka mbali kidogo na mbao zenyewe.

Nilipelekwa Hiroshima kwa mafunzo ya wiki tano ya ufugaji wa chaza, kwa kuwa kazi yangu ni ya uvuvi na mkoa ule ndio unaoongoza Japani nzima kwa zao hilo. Chaza wao huning'inizwa kwenye nyaya chini ya machelezo ya mianzi, na ukipanda feri kuelekea kisiwa cha Miyajima utayaona machelezo hayo yametanda baharini kama mikeka iliyoanikwa. Jina rasmi la kisiwa ni Itsukushima, lakini watu hukiita Miyajima, yaani kisiwa cha hekalu. Kukivuka kutoka bara ni dakika 10 tu, kama mtu avukaye kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja Amu, yaani Lamu, ila katika feri yao hakuna aliyebeba gunia wala kuku, na ndani ya bei ya tiketi mmekwishatiwa yeni 100 za kodi ya wageni iliyoanza kutozwa mwaka 2023.

Neno hekalu linanitatiza, na ni vyema niliseme hilo mapema. Wazee wetu wa pwani wana neno mzimu kwa maana ya mahali panapohofiwa na kuheshimiwa, penye pango au mbuyu, ambapo watu hupeleka ubani, marashi na vipande vya nguo nyekundu na nyeupe. Kwa maana hiyo ya zamani, mahali pa ibada pa Kishinto pako karibu zaidi na mzimu kuliko hekalu, kwa sababu dini hiyo haina mtume wala kitabu kimoja cha wahyi, na wale wanaoabudiwa, waitwao kami, hukaa katika mlima, katika mti mkongwe, katika mwamba au katika maji yenyewe. Lakini siku hizi mzimu limekuwa neno la kudharau, nami sikutaka kuwavunjia heshima wenyeji walionikaribisha vyema, kwa hiyo nitaendelea kusema hekalu, na msomaji aelewe kwamba hakuna ndani yake sanamu kubwa ya kuangaliwa wala mimbari.

Mara ya kwanza nilikwenda Jumapili, na nikafanya kosa ambalo mtoto wa Lamu hapaswi kulifanya. Gatini waligawa karatasi yenye saa za maji kujaa na kutoka, nami niliikunja nikaitia mfuko wa nyuma bila kuisoma, kwa kujiona kwamba mimi na maji tumejuana tangu utotoni. Hatua chache mbele, kulungu mmoja alinijia kwa nyuma, akaichomoa ile karatasi na kuitafuna yote huku akinitazama usoni. Kulungu wa kisiwa kile huzurura njiani bila kumwogopa mtu, na sisi tuliozoea kubanwa ukutani na punda katika vichochoro vya Langoni hatushangazwi sana nao, ila punda wetu angalau huacha karatasi akila boksi. Nilikuwa nimepania kutembea kwa miguu hadi kwenye lile lango la baharini, jambo linalowezekana maji yakitoka. Nilisubiri. Maji yakapungua kidogo, yakasimama, yakaanza kurudi. Ndipo nilipohesabu siku za mwezi kwa vidole na kukuta kwamba ilikuwa tarehe nane: maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayatoki sana, huku Japani kama yalivyo Kizingitini. Nilirudi wiki iliyofuata, mwezi ulipokuwa mpevu na bamvua limeanza, na alasiri hiyo bahari ilijikunja mbali hata nikatembea juu ya mchanga wenye majimaji mpaka chini ya lango, nikiwa katikati ya umati wa watu walioshika viatu mikononi.

Sasa nimjibu ami. Lango lile, ambalo Wajapani huliita torii, lilijengwa mwaka 1875, na kabla yake yalikuwapo mengine kadhaa mahali palepale tangu karne ya 12. Lina kimo cha mita 16.6 na uzito wa tani zipatazo 60. Jambo ambalo ami alilikataa kwanza, akanitaka nilirudie mara mbili, ni kwamba nguzo zake hazikuchimbiwa. Chini ya kila nguzo vimepigiliwa vigingi vingi vya msonobari ardhini ili tope liwe gumu, juu yake yamewekwa mawe, na nguzo imekalishwa juu ya mawe hayo kama chungu juu ya mafiga. Nguzo kuu ni mbili, na kila moja ina nguzo ndogo mbili za kuitegemeza, moja mbele na moja nyuma, kwa hiyo lango lina miguu sita. Boriti ya juu si gogo zima, bali ni sanduku refu lililojazwa mawe ya ukubwa wa ngumi, na ni uzito huo unaolikandamiza lango lote lisichukuliwe na mawimbi. Ami alinyamaza, kisha akasema kwamba hata jahazi lisilo na shehena hutiwa mawe ndani ili lisipinduke, na kwamba hapo amefahamu.

Ama wadudu, wapo. Nguzo kuu zimetokana na mkafuri, mti ambao harufu yake huwachukiza wadudu wengi, na magogo yake yalikuwa ya miti mizee mno, mapana kiasi kwamba watu watano wakishikana mikono hawana hakika ya kuizunguka nguzo moja. Hata hivyo wale wadudu watoboao mbao za vyombo hawakulisamehe lango. Katikati ya karne ya 20 ilibidi sehemu za chini za nguzo zikatwe na kuungwa kwa mbao mpya, na kuanzia mwaka 2019 hadi mwishoni mwa 2022 lango lote lilifunikwa na kufanyiwa matengenezo makubwa, maana hata mchwa walikuwa wameingia. Niliposimama chini yake niliutafuta ule muungano, nikauona: mstari unaopanda na kushuka kwa pembe, mbao mbili zimeumana kama meno, umepakwa rangi nyekundu juu lakini haukufichwa. Nilipiga picha ile kwa ajili ya ami, na ndiyo aliyoiangalia muda mrefu kuliko zote. Watu walikuwa wamechomeka sarafu katika nyufa za nguzo na kati ya makombe yaliyoganda, na kulikuwa na tangazo la kuwasihi wasifanye hivyo, kwa sababu sarafu huuharibu mti. Hawakusikia.

Kafuri ile inanirudia akilini. Sisi huijua kama karafuumaiti, na nyumba nyingi za Waislamu huwa na punje zake zilizohifadhiwa kwa siku ya kumwosha maiti na kumkafini. Mti huohuo ndio mlango wa kisiwa ambacho, kwa desturi yao ya tangu zamani, mtu hakuruhusiwa kufia. Nitalirudia jambo hilo.

Hekalu lenyewe liko ufukweni, mbele ya lango umbali wa kama mita 200, na lote limejengwa juu ya nguzo fupi katika sehemu inayofunikwa na maji. Maji yakijaa, kumbi na njia zake ndefu zenye paa la gome la mti huonekana zinaelea. Mlangoni kuna birika, na mgeni hunawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha husukutua kinywa, na mtu aliyelelewa na udhu hawezi kuyatazama hayo bila kutabasamu. Mbele ya ukumbi mkuu watu huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena mara moja. Mimi nilikwenda kama mgeni mtazamaji, nikasimama pembeni na mikono yangu nyuma, na hakuna aliyenikazia macho wala kuniuliza.

Nikiwa nimesimama pale nilitazama miguuni, na hapo niliona kitu cha kumpelekea ami cha pili. Mbao za sakafu hazikubanwa. Kati ya ubao na ubao umeachwa mwanya wa makusudi, na chini ya mianya niliyaona maji yakimeta. Fundi wa vyombo huyatumia maisha yake kuziba mianya kwa pamba na mafuta, akigonga kalafati tangu asubuhi hadi jioni ili tone moja lisipite. Fundi wa Itsukushima ustadi wake ni kuiacha, ili dhoruba ikiyasukuma maji kutoka chini, yapate pa kupitia na yasiinue sakafu nzima. Si kwamba dhoruba hazijawahi kushinda. Mwaka 1991 tufani kubwa iliangusha jukwaa la Noh, michezo ya kuigiza ya jadi ya Kijapani, lililojengwa juu ya maji, na mwaka 2004 nyingine ilivunja sehemu za kumbi, na mara zote mbili zikajengwa upya zilivyokuwa.

Ngano za mahali hapo zinaanza na upanga. Katika kitabu cha kale cha Kojiki, kilichoandikwa mwaka 712, imesimuliwa kwamba Susanoo, kami wa dhoruba, alishukiwa na dada yake Amaterasu, kami wa jua, kwamba amekuja kumnyang'anya enzi yake. Wakaamua kuapizana. Amaterasu akauchukua upanga wa ndugu yake, akauvunja vipande vitatu, akavisuuza katika kisima, akavitafuna na kuvipuliza, na katika ukungu wa pumzi yake wakatokea mabinti watatu. Hao watatu ndio wanaoheshimiwa Itsukushima, na kazi yao kubwa ni kuwalinda wasafiri wa baharini. Nilipenda kwamba mabaharia wa nchi ile walinzi wao ni wanawake. Baharia wetu wa zamani hakutaka hata kumsikia mwanamke akimwuliza siku ya kusafiri.

Mabinti hao walipotaka makao, waliizunguka pwani ya kisiwa wakitafuta mahali panapofaa, na aliyewaongoza alikuwa kunguru. Mtu wa kwanza kuwajengea, kwa mapokeo ya hekalu, ni mwenyeji aitwaye Saeki no Kuramoto, mwaka 593. Mpaka leo wapo wanaozunguka kisiwa kwa chombo na kufika mahali maalumu ambapo vitonge vya unga wa mchele huachwa vielee juu ya maji ili kunguru wa kwenye mlima washuke kuvichukua, na wakivichukua huwa ni kheri. Hapa nakiri kwamba moyo wangu haukulainika. Kwetu kunguru ni mwizi wa samaki na muuaji wa vifaranga, na kama angalimtangulia mtu njiani, mtu huyo angaligeuka akaenda upande mwingine. Nilipomsimulia mke wa ami, ambaye tangu utotoni namwita mama mdogo, alisema kwamba labda kunguru alikuwa akitafuta jaa, wakamfuata wakadhani ni mahali patakatifu.

Aliyelifanya hekalu liwe na sura yake ya leo ni Taira no Kiyomori, mkuu wa ukoo wa Taira, aliyekuwa liwali wa jimbo lile kuanzia mwaka 1146 na ambaye kufikia 1168 alikuwa amelijenga upya kwa mtindo wa majumba ya mamwinyi wa mji mkuu. Husimuliwa kwamba alikuwa akikarabati mnara katika mlima Koya pale mzee asiyejulikana alipomtokea, akamwambia kwamba Itsukushima limechakaa, na akilijenga atapanda cheo kuliko mtu yeyote wa zama zake, mzee akatoweka. Alilijenga, na akapanda. Ngano ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ile ya mlangobahari wa Ondo, kusini ya Hiroshima. Kiyomori alitaka mkondo huo uchimbwe ili vyombo vipite, kazi ikabidi imalizike katika siku moja maji yakiwa yametoka, na jua likaanza kuzama kazi ikiwa bado kidogo. Akapanda juu ya jabali, akakunjua upepeo wa dhahabu, akalipungia jua lirudi. Likarudi. Kila nahodha aliyewahi kukwama katika mlangobahari wetu wa Mkanda, akiwa na abiria wenye kunung'unika na maji yakimkimbia, anaufahamu utamu wa ngano hiyo kuliko mwanachuoni yeyote.

Lakini jua halisahau. Kiyomori alikufa mwaka 1181 kwa homa kali mno, na husimuliwa kwamba maji aliyomwagiwa yaligeuka mvuke kabla hayajamgusa, na wengine husema hilo lilikuwa deni lake kwa jua. Miaka minne baadaye ukoo wake wote uliangamia katika vita vya baharini vya Dan-no-ura, na mjukuu wake, mfalme Antoku aliyekuwa mtoto mdogo, alizama akiwa mikononi mwa bibi yake. Wavuvi wa huko wana kaa ambaye gamba lake lina makunyanzi kama uso wa mtu aliyekasirika, na husema ni roho za wapiganaji wa Taira. Wataalamu husema ni mahali misuli inaposhika gamba. Mwalimu wetu wa chaza, aliyetueleza yote mawili kwa sauti ileile, hakusema lipi analiamini. Sisi tuna Fumo Liyongo, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, akafa kisimani akiwa amepiga goti na mshale uko kwenye uzi, na watu wakakaa siku nyingi wasithubutu kusogea kuteka maji kwa kudhani yu hai. Shujaa wetu aliuawa na damu yake. Wa kwao aliuawa na mbingu.

Ngano hizo zote mtu angaweza kuzisikia akiwa nyumbani. Jambo lililonishughulisha pale kisiwani ni miko.

Tangu zamani kisiwa chote kilihesabiwa kuwa ndicho kitakatifu, wala si jengo tu, na ndiyo sababu hekalu likawekwa ukingoni, nusu nchi kavu nusu majini, ili binadamu wasiukanyage mwili wake zaidi ya ilivyo lazima. Ilikuwa mwiko kuzaa kisiwani, na mwanamke aliyekaribia kujifungua alivushwa bara. Ilikuwa mwiko kufa kisiwani, na mgonjwa aliyekata tamaa alivushwa vilevile. Kulima pia kulikatazwa. Mwaka 1555 jemadari Mori Motonari alipigana vita humo na kushinda, na baada ya ushindi aliamuru maiti zitolewe na damu isafishwe katika hekalu, kwa kuwa aliona aibu ya kuwa amekivunja kisiwa mwiko wake mkubwa. Watu wanaishi huko, wana maduka na shule, lakini makaburi hakuna hata leo; wafu wao hulala ng'ambo.

Mtu wa Lamu asikiapo hayo lazima ashtuke. Sisi mahali huwa patakatifu kwa sababu fulani kazikwa hapo. Katikati ya mji wetu liko kaburi la Mwana Hadie Famau. Maulidi yetu yanawakusanya watu kutoka kila pwani katika msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, na msafara wake hwenda kumzuru makaburini. Na ukivuka hadi kisiwa cha Manda, kitu cha kwanza kinachoonyeshwa mgeni katika magofu ya mji wa Takwa ni kaburi lenye mnara. Tumeishi na wafu wetu ukuta kwa ukuta. Wale wamekifanya kisiwa chao kitakatifu kwa kutomzika mtu.

Na wakati nayawaza hayo, nikiwa katika barabara ya maduka inayotoka gatini, nikakutana na mwiko wa aina nyingine. Kisiwa kile ni maarufu kwa miko ya mbao ya kupakulia wali. Katika miaka ya 1790 hivi, mtawa aitwaye Seishin aliota ndoto akamwona Benzaiten, ambaye Wabudha walimlinganisha na mmoja wa wale mabinti watatu, amebeba kinanda cha nyuzi. Alipoamka akachonga mwiko wenye umbo la kinanda hicho, akawafundisha wanakisiwa wapate riziki. Upo mmoja uliotundikwa barabarani wenye urefu wa mita 7.7 na uzito wa tani 2.5, ambao haujapakua wali wowote. Wajapani nao wana mzaha wao wa maneno katika jambo hili: kusema “chukua wali” kwa lugha yao ni sawa na kusema “mteke adui”, na askari waliokuwa wakienda vitani waliacha miko katika ukumbi mkubwa wa mtawala wa zamani Toyotomi Hideyoshi, ulio kilimani juu ya hekalu, ili warudi na ushindi. Kama hayo hayatoshi, wale wasichana wenye mavazi meupe na mekundu wanaohudumu hekaluni huitwa, kwa Kijapani, miko. Nilijaribu kumweleza muuza duka kwa Kiingereza chetu kibovu sote wawili kwamba kwa lugha yangu kifaa anachoniuzia na katazo la kuzaa na kufa kisiwani ni neno moja, na ni jina la wale wasichana. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akanifungia mwiko katika karatasi, akaihesabu chenji yangu mara mbili.

Ziko habari nyingine ninazozipita: mlima Misen wenye mita 535 na moto wake unaosemwa kuwashwa na mtawa Kukai mwaka 806, ambao husemwa haujazimwa na kwamba ndio ulioazimwa kuwasha ule wa bustani ya amani ya Hiroshima, na sherehe ya ngoma na zumari juu ya vyombo, inayofanywa tarehe 17 ya mwezi wa sita kwa hesabu ya mwandamo, kwa sababu siku hizo bamvua huyapandisha maji hadi vyombo vikaweza kuingia mpaka ndani ya hekalu. Aliyeichagua tarehe hiyo alikuwa mtu wa bahari.

Niliporudi nilimwomba ami anipeleke Takwa. Nilikuwa sijafika tangu utoto, na kutoka Miyajima nilikuwa na hamu ya kupaona kwa macho mengine. Takwa hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita kati ya mikoko, na lazima maji yawe yamejaa. Kinyume cha torii, ambalo hufikiwa kwa miguu maji yakiwa yametoka. Mji huo ulikaliwa tangu karne ya 15 hadi ya 17, kisha ukahamwa, na husimuliwa kwamba visima viligeuka chumvi na wenyewe wakavuka kwenda Shela. Mvuvi mmoja tuliyemkuta akitandaza wavu alitusalimu, akatukumbusha tusikawie. Msikiti bado una nguzo juu ya ukuta wa kibla, na wazee husema chini yake kazikwa shekhe. Nje ya ukuta wa mji liko lile kaburi la mnara, ambako watu wa Shela wamekuwa wakivuka kwenda kuombea mvua. Utotoni tulikatazwa pale kupiga kelele, kuokota kigae na kukitia mfukoni, na kupanda ukuta wowote, na kwa kuwa hakuna aliyetueleza sababu, tulitii zaidi.

Mama mdogo alikuwa amefunga wali wa nazi na samaki wa kupaka, na chini ya mbuyu aliutoa ule mwiko wa Miyajima. Ami aliuomba kabla haujatiwa chunguni. Aliunusa, akaupitisha kidole gumba ukingoni, akaugeuza kuutazama mwendo wa nyuzi za mti, akasema aliyeuchonga hakuwa na haraka. Akaniuliza habari ya ule muungano wa nguzo, nikautoa simuni, wakaanza yeye na picha mazungumzo ambayo mimi sikuhusishwa, mpaka mama mdogo aliposema kwamba mai yanatoka. Tulipofika kwenye mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya tope. Tulikuwa watu watatu, mmoja fundi wa vyombo, mmoja ofisa wa uvuvi, na tulikuwa tumepwelewa kama wageni wa mara ya kwanza.

Ilibidi tukae hadi usiku. Magharibi ilipopita, mbu wakatoka mikokoni, mnara wa kaburi ukabaki mweusi dhidi ya anga, na mimi kwa uchovu nikaanza kupiga mbinja polepole. Mama mdogo hakusema neno. Alinigonga goti kwa ule mwiko, nami nikanyamaza.